Kochi la Mama Hakimu

Jumapili, 8 Juni

Baba mkwe ametutangazia jambo zito leo mezani, kabla hata sijamaliza kutafuna. Magoti yake yamegoma. Kuinamia makochi ya watu sasa basi. Jumapili ijayo atamkabidhi mmoja wetu ufunguo wa karakana: ama mimi, ama shemeji, yaani kaka wa mke wangu. Na atakayepewa ufunguo anapewa pamoja na chumba cha juu ya karakana. Kile chenye dirisha kubwa!

Mke wangu alibaki na kijiko hewani. Tangu tuoane tunaishi chumba cha uani, tunagawana ukuta na pampu ya maji. Pampu ikiwaka, vikombe vinatembea vyenyewe kabatini. Kile chumba cha juu alikitamani kabla hajanitamani mimi. Amewahi kuniambia hivyo bila kupepesa macho.

Mzee akasema haangalii mtoto wala mkwe. Anaangalia mteja. Mteja aondoke na kochi lake roho nyeupe, asirudi kulalamika. Alipofika hapo kwenye kulalamika akanitazama mimi. Sijui kwa nini.

Shemeji ni mtu wa mikono tu, maneno hana. Kutwa yuko na stapla na sponji, hata salamu anaitikia na misumari mdomoni. Nitamshinda kwa akili. Siku hizi mteja hafuati mshono, anafuata aliyemwona kwenye simu. Na mimi nina chaneli! Inaitwa Kiti cha Mafanikio. Nakaa kwenye kochi zuri, nakunja nne, nawafundisha watu kufanikiwa. Makochi ni ya wateja, sawa, yamekuja kutengenezwa. Lakini mtazamaji atajuaje? Anachoona ni bwana mmoja anayebadilisha makochi kama nguo.

Tatizo ni dogo tu. Watazamaji. Video ya jana imetazamwa mara kumi na tisa, na nyingi kati ya hizo ni mimi nikijikagua. Lakini wiki moja inatosha. Mzee akiona jina langu linavuma, ataniletea ufunguo mwenyewe, na magoti yake hayo hayo.

Jumatatu, 9 Juni

Kazi imeanza. Nimerekodi "Nilivyoanza Bila Chochote" nikiwa kwenye kochi la Mama Hakimu.

Kochi hilo, jamani! Rangi ya maziwa, mgongo wa vifungo, miguu ya mbao inayong'aa mpaka unaona meno yako. Shemeji aliliunda upya, mke wangu akashona, mimi nikatoa mawazo. Limekamilika tangu wiki iliyopita. Lakini mwanga wa dirishani unaliangukia vizuri mno, na mimi nikikaa hapo nafanana na mtu mwenye madereva. Kuliachia lirudi kwa mwenyewe sasa hivi ingekuwa dhambi.

Saa nne Mama Hakimu akapiga simu. Ni hakimu kweli, wa mahakamani, anastaafu wiki hii na Jumamosi anawaalika mahakimu wenzake nyumbani. Anataka kochi lake kabla ya hapo. Nikamwambia kitambaa bado kiko njiani. Nilikuwa nimekaa juu ya kitambaa chenyewe. Mzee naye akauliza mbona kochi halijaondoka. Nikamwambia Mama Hakimu hajapata gari. Kila mtu akapata jibu lake, hakuna aliyelala na swali.

Halafu nikaituma video kwenye kundi la familia, nikawaomba waitazame, waipende, waandike maoni mazuri. Familia ni nguzo! Shangazi ndiye wa kwanza kuandika chini ya video, hadharani, mbele ya dunia nzima: hilo shati ni la mume wake, nilirudishe kabla ya Ijumaa, na nisilipige pasi ya moto sana kama mara ile.

Nimemjibu kwa picha ya mikono inayoshukuru. Kisha nikafuta maoni yake. Akayaandika tena, safari hii kwa herufi kubwa.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua kasoro. Nilikuwa nasimamisha simu juu ya kiti kibovu, imefungwa kwa mpira, na kila nikipaza sauti inadondoka. Video za watu wakubwa zina mpiga picha. Nikamwomba shemeji anishikie. Akakubali, maana hajui kukataa.

Nikatoa hotuba ya maisha yangu. Uaminifu katika biashara! Nilipiga kifua, nilinyoosha kidole, mahali fulani machozi yalinilenga. Kuja kutazama: mshono. Mshono wa mkono wa kochi, toka mwanzo hadi mwisho, kwa karibu. Kisha vifungo, kimoja kimoja. Kisha mguu wa mbao. Mimi nimeonekana goti tu, tena la kushoto. Nikamuuliza shemeji alikuwa anafanya nini. Akatoa misumari mdomoni akasema kona ile imetoka vizuri sana, mtu asipoionyesha ni dhambi.

Simu haikuwa na chaji ya kurekodi tena. Nikaipandisha hivyo hivyo huku moyo unaniuma.

Lo! Imetazamwa na mamia! Maoni yanamiminika. Wote wanauliza kochi hilo ni la fundi gani. Inaonyesha wazi kuwa sauti yangu inawafikia, wanaona haya tu kunisifu moja kwa moja.

Mke wangu ameitazama mara mbili. Akasema kaka yake ana jicho. Akauliza pia Mama Hakimu anakuja lini, na kama nina hakika kuhusu hilo gari. Nikamwambia awe na imani. Akaniambia imani anayo, ila ameshapima dirisha la chumba cha juu kwa ajili ya mapazia, na akilikosa kwa sababu yangu nitalala na pampu peke yangu.

Jumatano, 11 Juni

Leo akili yangu imefanya kazi mpaka nimejiogopa.

Nimejiuliza: wapi kuna watu wengi, wamekaa, wana simu, na hawana la kufanya? Hospitali wanaumwa. Kituo cha mabasi wana haraka. Mahakamani! Watu wanangoja kesi zao toka asubuhi, wamejaa kwenye mabenchi, wanatafuta chochote cha kuwatoa mawazo. Tena ni watu wenye matatizo, ndio hasa wanaohitaji mafunzo ya mafanikio.

Nikachapisha matangazo yenye picha yangu kwenye kochi, nimekunja nne, na maandishi makubwa: JIFUNZE UAMINIFU KWA MTU ALIYEFANIKIWA. Nikayabandika getini, ukutani, mlango wa choo na ubao wa ratiba za kesi. Wazo lilinipitia kwamba Mama Hakimu anafanya kazi jengo hilo hilo. Lakini mahakimu hawasomi vitu vya ukutani, wao husomewa.

Karani mmoja akanikuta nabandika. Nikadhani atanifukuza. Wapi! Akaitazama picha kwa muda mrefu, akaleta jicho karibu kabisa na kochi. Kisha akaomba nakala moja kwa heshima zote, akasema bosi wake angependa sana kuiona. Bosi! Nimempa nakala mbili.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Wafuasi wapya wanaingia kila dakika. Mmoja amejiita "Kimya Mahakamani" na ametazama video zangu zote, toka ya kwanza, moja baada ya nyingine, bila kuandika neno. Huyo sasa ndiye mfuasi wa kweli.

Jumatano, jioni

Nimemwonyesha Mzee idadi ya wafuasi. Akauliza wangapi kati yao wana makochi mabovu. Mzee huyu!

Alhamisi, 12 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu. Ngoja nishushe pumzi.

Nilitaka video ya leo iwe na hadhi. Mtu aliyefanikiwa hazungumzi mikono mitupu, anashika kikombe. Nikatengeneza chai, kikombe kile kikubwa cha Mzee. Nikafika pale ninaposema mtu makini hatetereki. Simu ikaanza kuteleza kwenye kiti kibovu. Nikairukia. Simu nimeiokoa. Chai imeingia yote kwenye mto wa kukalia, upande wa kulia, mahali pa wazi kabisa.

Nikasugua kwa sabuni. Doa likapanuka. Nikasugua kwa dawa ya meno, niliona mahali kwamba inasaidia. Sasa ni doa lenye harufu ya mnanaa. Nikaugeuza mto, nikakuta chini wametia kitambaa cheusi cha bei ya chini, ndivyo tunavyofanya kwenye karakana hii na ni mimi niliyetoa wazo hilo. Nikaurudisha.

Katikati ya balaa hilo, Mama Hakimu akapiga simu. Sauti tamu kama ya mtu anayekukaribisha chakula. Akauliza kitambaa vipi. Nikamwambia ndiyo kimeshuka leo hii. Akasema ajabu. Akauliza kama napata muda wa kupumzika, maana mafundi hujisahau. Nikamwambia Mheshimiwa, wiki nzima sijakaa kitako. Akasema vizuri, Jumamosi asubuhi atakuja mwenyewe kulichukua.

Basi, nimepata ufumbuzi. Doa liko sawasawa na makalio yangu. Nikikaa hapo halionekani. Mtu akija, nimekaa. Wakibeba kochi, nitainuka dakika ya mwisho na kutupia shuka juu. Hakuna anayejua ila mimi na shajara hii.

Nilipoinuka kwenda kula, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui amesimama hapo tangu lini. Alitazama mto, akanitazama mimi, akaenda zake. Huwa ananitisha zaidi asiposema kitu.

Ijumaa, 13 Juni

Mke wangu hazungumzi na mimi. Toka asubuhi cherehani inanguruma. Atakuwa na oda ya sare za shule.

Kama haitoshi, ameng'oa pazia langu! Nilikuwa nimetundika ukutani, nyuma ya kochi, kipande kilichobaki cha kile kitambaa cha rangi ya maziwa. Kilinipendezesha mno kwenye picha. Leo nakuta ukuta mtupu na misumari miwili. Nikamuuliza amekipeleka wapi. Akaniambia nimuulize tena nione. Sikuuliza tena. Hivi ndivyo sanaa inavyouawa majumbani.

Nimepanga kesho nirushe matangazo ya moja kwa moja. Laivu! Mama Hakimu anakuja, atakuja na dereva, labda na wenzake. Watazamaji wataona nawahudumia wakubwa. Mzee ataona watazamaji. Ufunguo utakuwa mfukoni kabla ya chakula cha mchana. Na kwa kuwa siwezi kuinuka pale nilipo, nimechagua mada inayolingana na hali: "Nguvu ya Mtu Anayetulia Mahali Pake."

Nimefua shati la mume wa shangazi. Sijalirudisha.

Jumamosi, 14 Juni

Lazima niandike yote.

Nilikaa kwenye kochi mapema, kabla mtu hajaamka. Nikatafuta doa kwa kupapasa, maana dirisha lilikuwa bado limefungwa. Nikajiweka. Hata uji nililetewa hapo hapo. Kufika saa tatu miguu ilikuwa imekufa ganzi yote miwili.

Shemeji akashika simu. Nikamwapisha kwamba ataelekeza usoni kwangu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, mke wangu kwenye cherehani. Nikaanza. Watu wakaingia kwa kasi sijawahi kuona! Nikawaambia mti hauhamihami, mlima hauhamihami, na mimi sihamihami.

Gari likasimama nje. Akaingia Mama Hakimu, mrefu, miwani puani, na karani wake nyuma. Karani yule yule wa Jumatano! Na chini ya kwapa amebana tangazo langu.

Sasa, hakimu akiingia watu husimama, hiyo haihitaji kufundishwa. Mke wangu akasimama. Shemeji akasimama zaidi. Mzee wangu, na magoti yale, akashika fremu ya mlango akajivuta mpaka juu. Wapita njia wawili waliokuwa wanachungulia dirishani wakavua kofia.

Mimi nikabaki nimekaa.

Mzee akanikazia macho. Mke wangu akanionyesha kwa mkono: inuka! Nikatikisa kichwa. Akaonyesha tena, kwa nguvu, ananitolea macho, anaonyesha mto, anaonyesha cherehani. Nikadhani amechanganyikiwa kwa aibu. Nikamsalimia Mheshimiwa nikiwa nimekaa, nikamwambia ajisikie nyumbani.

Hakukasirika. Akaomba tu kuniuliza maswali machache. Akauliza kitambaa kilifika lini. Nikajibu Alhamisi. Akamwambia karani aandike. Akauliza Jumatatu nilipokuwa naeleza nilivyoanza bila chochote, nilikuwa nimekalia kitambaa gani. Nikasema kinafanana. Akasema hata vifungo vinafanana, na mkwaruzo wa mguu wa nyuma uliofanywa na mjukuu wake nao unafanana. Akasema yeye ndiye Kimya Mahakamani. Ameziangalia zote. Ile ya uaminifu ameirudia.

Nikamtazama Mzee. Alikuwa ananitazama kama risiti ya duka asiyoijua.

Kisha Mama Hakimu akasema neno moja. Simama.

Ni sauti iliyozoea. Miguu yangu ilikuwa imekufa, lakini ilisikia na ikatii. Nikasimama. Nikafumba macho. Nikangoja kelele. Nikafumbua jicho moja, nikageuka, nikatazama mto.

Mweupe! Safi! Hauna hata alama ya nzi!

Na hapo ndipo kinywa changu kilipofanya kilichofanya. Nikapiga kelele, mbele ya hakimu, mbele ya baba mkwe, mbele ya maelfu ya watu: doa la chai limekwenda wapi?

Mke wangu akafunika uso kwa mikono miwili. Mama Hakimu akauliza, polepole, doa lipi. Basi nikaeleza. Nikishaanza huwa sijui kuacha. Chai, dawa ya meno, shuka, vyote. Kumbe mke wangu alishona kava jipya jana kutwa, kwa kile kipande alichong'oa ukutani, na akalivalisha mto nilipokuwa nimelala. Nimekaa nikilinda doa ambalo halipo. Ningesimama kama watu wengine, kesi isingekuwepo.

Mama Hakimu akasema miaka yote mahakamani hajapata kuona mshtakiwa anayejitafutia ushahidi. Akapitisha kidole kwenye mshono wa mto, akauliza nani ameshona. Mke wangu akainua mkono kama mwanafunzi. Mama Hakimu akamshika mkono huo, akamshukuru. Kochi likabebwa.

Shemeji alikuwa bado anarekodi. Mshono wa mto, kwa karibu.

Mchana nilimkuta mke wangu kwenye ngazi za kwenda chumba cha juu. Hakuwa analia, alikuwa amekaa tu na kile kipimo chake cha mapazia. Nilikaa ngazi ya chini yake. Nilimwambia pole. Niliona aibu, aibu ya kweli. Akaniambia vidole vinamuuma. Nikamkanda mpaka akasinzia begani kwangu, na kwa muda mrefu sikuigusa simu.

Kisha nikaigusa. Lo! Lo! Lo!

Jumapili, 15 Juni

Video imevuma kupita kiasi. "Jamaa Akataa Kusimama Mbele ya Hakimu." Watu wanaigiza ule wakati wangu wa kugeuka. Shangazi ameandika chini yake: na shati hilo bado ni la mume wangu.

Mzee alituita mezani. Ufunguo ulikuwa mbele ya sahani yake. Akasema amekuwa mjinga, alipima watu wawili na wa tatu alikuwa mbele ya macho yake, kwenye cherehani. Mteja wa jana aliingia na kesi, akatoka ameridhika, na aliyemridhisha hakuwa mimi. Akausukuma ufunguo mpaka kwa binti yake.

Shemeji ndiye wa kwanza kupiga makofi. Akatema misumari yote kwenye sahani, akasema yeye alikuwa akiomba usiku na mchana asipewe, maana mwenye ufunguo huongea na wateja. Mke wangu alicheka na kulia pamoja. Mimi pia, kwa sababu tukihesabu vizuri, ufunguo umeingia kwangu! Mpango wangu umefaulu kwa asilimia mia, umepita tu njia ya nyuma.

Bosi wangu mpya ametoa amri zake kabla chakula hakijapoa. Mimi ni wa kufagia na kubeba. Ndani ya karakana, simu marufuku. Nimekubali yote kwa moyo mkunjufu. Nimejifunza. Mtu akijifunza amejifunza.

Jumatatu, 16 Juni

Tumehamia chumba cha juu. Hakuna pampu! Mke wangu ametundika mapazia, amefungua dirisha na kulifunga na kulifungua tena, bila sababu yoyote.

Mahakimu walioalikwa Jumamosi wamelipenda kochi. Leo yameletwa makochi matatu, na karakana imejaa mpaka mlangoni. Moja, la mahameli nyekundu, ni la jaji mzima. Halikupata nafasi chini. Nikajitolea kulipandisha ngazi mimi na shemeji, likae huku juu mpaka zamu yake ifike. Mke wangu amenishukuru kwa kujituma.

Nimelitazama toka mchana. Jua la dirisha hili, juu ya mahameli ile! Na amri, nikiikumbuka neno kwa neno, inahusu ndani ya karakana. Huku ni chumbani. Jaji naye ni mtu mkubwa kuliko hakimu, hana muda wa kuangalia vitu vya mitandaoni. Wafuasi wananingoja, maelfu kwa maelfu, siwezi kuwatupa.

Mke wangu yuko chini anashona. Simu nimeisimamisha dirishani. Nimeshakaa, nimekunja nne. Chai ipo, lakini mimi si mtu wa kurudia makosa. Safari hii nimechukua kikombe kidogo.